Unajipambia Nani?

Katika nchi ya Kitui, mwendo mfupi kutoka mjini, lipo jabali liitwalo Nzambani, lililosimama peke yake juu ya mashamba ya mtama na mbaazi, ambalo wenyeji wamelivika hadithi mbili zisizochakaa. Ya kwanza ni ya msichana aliyekwenda kuokota kuni pamoja na wenziwe, akaona kijiwe, akakitwaa, na kijiwe kile kikamganda mwilini, kikakua, kikaendelea kukua, hata ikawa hapana tena ajuaye alipokoma msichana na lilipoanza jiwe. Ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, nayo yasema kwamba mtu akilizunguka jabali lile mara saba maumbile yake hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Wageni wanaofika hupanda ngazi za chuma zilizowekwa ubavuni, wakaitazama kutoka juu ile nchi kavu ya Ukambani pamoja na udongo wake mwekundu na vichaka vyake vya migunga; kisha hushuka, na mmoja wao hakosi kuuliza kwa kicheko ni nani mwenye moyo wa kuanza kuzunguka.

Hadithi hii ya pili imenikaa moyoni kwa sababu ya mtu asiyetajwa ndani yake. Msimulizi hutueleza habari za yule aliyezunguka, lakini hatuambii neno juu ya yule aliyeachwa nyumbani. Tuseme mume alitoka alfajiri akiwa mume, na jua lilipokuchwa akarejea na sauti nyingine, mabega mengine na kidevu laini, na mkewe yuko uani anapepeta ndengu kwa ungo. Je, atamjua? Na akimjua, atamjua kwa lipi: kwa mwendo, kwa namna ya kukohoa kabla ya kubisha hodi, kwa kumbukumbu ya ugomvi wao wa juzi, au kwa jambo lisilo na jina ambalo halikukaa katika nyama wala mifupa? Na akiisha kumjua, ataendelea kumpenda? Nadhani hili ndilo swali ambalo kila mwenye wivu hulikimbia, kwa maana wivu wa mahaba umejengwa juu ya dhana kwamba mpendwa ni umbo lake, na kwamba aliyelilinda umbo amemlinda mtu mzima.

Wala hatuhitaji jabali ili tugeuke. Mwanamke aliyeolewa akiwa na miaka ishirini, mwembamba wa kiuno, si yeye kwa sura baada ya kuzaa mara nne, na kubeba maji kutoka mtoni kiangazi hadi kiangazi, na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko pamoja na wanawake wenziwe wa kikundi cha mwethya mpaka viganja vikaota sugu. Mume naye amepata upara, meno yamempungua, na ile sauti iliyokuwa ikisikika ng'ambo ya bonde sasa haivuki ua. Watu wawili walioishi pamoja miaka arobaini wamekwisha kuishi na nyuso nyingi ndani ya nyumba moja, na kama mapenzi yao yalifungwa kwenye uso wa kwanza, basi tangu zamani wamekuwa wakilala na mgeni. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Lakini wengi wetu tulianza kwa kulipenda ua, na ua ndilo litanguliao kuanguka. Boga huja baadaye, zito, la udongoni, nalo ndilo lililishalo nyumba.

Hata hivyo mwenye wivu haogopi kunyauka kwa ua kama anavyoogopa kuchanua kwake. Na hapa ndipo palipo na ajabu ambayo sijaona nyingine iliyonishangaza zaidi katika mambo ya insani: mtu huvutwa na uzuri, akausafiria, akautolea mahari ya mbuzi na ng'ombe, akausifu mbele ya rafiki zake, na akiisha kuupata huanza kuuomba ujifiche, kisha huuamuru, na mwisho huutesa kwa kosa la kuwa vilevile ulivyokuwa siku ile alipouona kwanza.

Katika soko la Kalundu, mjini Kitui, wapo mafundi cherehani wanaoshona barazani, na mbele ya mmoja wao nilimwona mama wa makamo amesimama ndani ya gauni jipya la kitenge ambalo mishono yake ilikuwa bado imeshikwa na pini. Lilimkaa vizuri mno. Shingo ilikuwa imekatwa mraba, ikauacha wazi mtulinga pande zote mbili pamoja na mkufu mwembamba aliouvaa, na mikono ilikuwa imekunjwa kwa marinda madogo yaliyopangwa kwa subira kubwa. Fundi, kijana mwenye futi ya kupimia shingoni na kipande cha chaki nyuma ya sikio, alirudi hatua mbili akaitazama kazi yake kwa furaha. Mama alijitazama katika kioo kilichotundikwa kwenye nguzo, akageuka, akajitazama ubavu, na kwa kitambo kidogo uso wake ukachangamka; kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Fundi, hapa pandisha," alisema, akiweka vidole vitatu juu ya mtulinga.

"Lakini mama, si huu ndio mshono uliouchagua mwenyewe kwenye picha?"

"Ni huu. Wewe pandisha tu. Baba watoto akija Disemba ataniuliza najipambia nani."

Fundi hakubisha. Akaitoa chaki, akaweka alama, na pini nne zikahamishwa juu.

Simjui mume yule, na huenda ni mtu mwema, apelekaye karo kwa wakati na kuwaombea watoto wake kila usiku. Lakini siku ile alikuwa mbali, penye kazi yake, wala hakutuma neno, na juu ya hayo mkono wake ulifika Kalundu kabla ya chaki ya fundi. Swali lake lilikwisha kuulizwa zamani, mara moja au mara nyingi, likaingia ndani ya mkewe, likakaa, hata sasa anajiuliza mwenyewe kwa niaba yake. Na swali lenyewe tuliangalie vema, maana lina hila ndani yake: laamini kwamba kila pambo lina mtu lililoandikiwa, kama barua yenye anwani, na kwamba mtu huyo ni mwanamume, na kwamba kazi ya mume ni kuisoma anwani hiyo kabla ya barua kufika.

Nchi hii imejua mapambo kwa muda mrefu kuliko inavyokumbukwa. Katika karne ya kumi na tisa Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa misafara baina ya bara na Mombasa. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na chumvi, nguo, shanga na masango ya shaba, na mkubwa mmojawapo wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimfikia mwaka 1849, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Disemba, Mzungu huyo alipouona Mlima Kenya kutoka nchi hii ya Kitui. Vitabu hukumbuka mlima. Mimi huwaza zile shanga. Huwaza mchukuzi aliyepita nyika ya Taru isiyo na maji, akihofia simba na wanyang'anyi, na ndani ya mzigo wake amefunga kamba moja ya shanga nyekundu kwa ajili ya mwanamke mmoja tu. Na huwaza siku alipozitoa, naye mwanamke akazivaa, na kwa kuvaa akawa mzuri kuliko alivyokuwa, na macho ya watu wengine, ambayo hayana pazia, yakamwona. Alitaka nini mchukuzi yule? Bila shaka alitaka azione yeye. Bila shaka pia alitaka watu wazione, wajue kwamba mke wa fulani amevishwa. Lakini hakuna atakayeweza kuwaita watu watazame kisha akawakataza kutamani, na aliyezileta shanga nyumbani alikuwa pia amekileta, katika mzigo uo huo, kitu ambacho kingemnyima usingizi.

Na tusisahau kwamba wanaume wa zamani zile walijipamba sawa na wanawake, na pengine kuwashinda. Wahunzi wa Kikamba walisifika kwa mikufu ya waya mwembamba sana, na vijana waliivaa shingoni, masikioni, kiunoni, wakajipaka mafuta, wakaenda ngomani kuruka na kupinduka hewani mbele ya wasichana. Meno nayo yalichongwa: yale ya mbele yalipigwa kwa patasi mpaka yakawa na ncha, kazi yenye maumivu makali, na asiyestahimili alichekwa. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza na ambaye kitabu chake juu ya Wakamba kilitolewa Uppsala mwaka 1920, aliyaandika hayo kwa urefu. Kizazi kile kilipotabasamu, kilionyesha uzuri wake wote. Kisha misheni zikaja, ile ya Africa Inland Mission ikianzia Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, shule zikaja, na katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja meno yaliyochongwa yakageuka kutoka fahari hadi aibu, na wajukuu wakawa wanamtazama bibi yao kinywani kwa mshangao. Hebu tuliwaze jambo hilo kidogo. Yupo mwanamume aliyewahi kukesha kwa wivu, kifua kikimwaka, kwa sababu ya tabasamu lenye ncha ambalo kijana wa leo asingeligeukia mara mbili njiani. Sura iliyomtia wazimu imepitwa na wakati, na wazimu wenyewe umebaki mpya, umehamia kwenye nywele za kusuka, kucha za kubandika, na suruali ya kubana.

Pwani walishika njia nyingine. Mwana Kupona binti Msham wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, na miongoni mwa mawaidha hayo limo la kujipamba na kujifukiza kwa ajili ya mume, ndani, nyuma ya mlango. Kwake yeye uzuri wa mke ni amana yenye mwenyewe, na hadhi ya mke imo katika kuitunza amana hiyo. Ni utendi mkuu, uliotoka katika moyo wa mama anayejua kwamba anakufa, na sitausoma kwa dharau hata siku moja. Lakini nikiziweka pamoja nchi hizi mbili, Ukambani iliyompeleka msichana uwanjani akacheze mbele ya wote, na Siyu iliyomweka mke ndani pamoja na manukato yake, naona kwamba wivu ulistawi kotekote. Mume wa pwani aliyemfunika mkewe kwa buibui aliuonea wivu mwendo wake. Mume wa bara aliyemwona mkewe hadharani aliionea wivu miguu yake ngomani. Kama wivu ungekuwa mtoto wa macho ya wapita njia, kitambaa kingalikwisha kuuponya. Asili yake iko kwingine.

Nadhani iko katika shaka ya mtu juu ya nafsi yake mwenyewe. Shakespeare alilijua hilo alipoandika habari za Othello, jemadari mweusi wa Venice, tamthilia iliyoonyeshwa London mwaka 1604. Iago, afisa wake mwenye hila, hakumletea Othello ushahidi wowote isipokuwa leso. Kazi kubwa aliyoifanya ni kumrudishia uso wake mwenyewe aulize habari zake. Mtu aliyeongoza majeshi, aliyependwa kwa simulizi za safari zake, akaanza kuihesabu rangi yake, na umri wake, na ugumu wa ulimi wake katika maneno ya mabwana, akaona kila kimoja ni sababu ya kutopendwa. Na kwa kuwa hakuamini kwamba yeye aweza kupendwa, ilimlazimu kuamini kwamba mkewe Desdemona amekwisha kumpenda mwingine. Alimuua mke asiye na hatia ili asidhihirike mume asiye na thamani. Ole wa nyumba ambayo mwenyewe anaingia na shaka kama hiyo, kwa maana mke ataapa, atalia, atabadili nguo, atatupa simu kisimani, wala hakuna kiapo chake kitakachofika mahali pale penye kidonda.

Kisa cha Yusufu kinatufunulia upande wa pili, na kinapendwa Ukambani makanisani kama kinavyopendwa pwani misikitini. Kijana yule alihusudiwa na ndugu zake kwa ajili ya mapenzi ya baba yao, akatupwa shimoni, akauzwa, na Misri uzuri wake ukamfunga gerezani, kwa maana mke wa bwana wake alimtamani, na alipokataliwa akamshtaki. Katika Kurani limo jambo ambalo kila nilisikiapo hunigusa: kanzu ilitazamwa, ikaonekana imechanika nyuma, na hapo ukweli ukajulikana, kwamba yeye alikuwa akikimbia. Na bado akatiwa gerezani. Ushahidi ulikuwa mikononi mwao, umechanika waziwazi, na aliyeadhibiwa ni yule aliyekuwa mzuri. Ni wangapi, wanawake kwa wanaume, ambao kanzu zao zimechanika nyuma, na ambao wanaishi katika vifungo kwa kosa la kutazamwa?

Katika Kitui na Makueni shaka hii imepata mboji nzuri kwa sababu ya umbali. Reli ilipopita Kibwezi na Makindu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, vijana walianza kuondoka. Katika vita viwili vya dunia Wakamba waliandikwa jeshini kwa wingi, wakaenda hata Burma. Na leo wanaume wengi wa nyumba hizi wanalinda mageti ya Nairobi, wanaendesha malori ya Mombasa, wanapika katika hoteli za Diani. Mke hubaki na shamba, na mvua za vuli ambazo ndizo tegemeo la nchi hii, na watoto, na wazee. Mume aliye mbali humbeba mkewe kichwani kwa sura aliyomwacha nayo, na kila mwezi sura ile huchakaa kidogo, naye huishonashona kwa hofu. Zamani alingoja barua. Siku hizi hupiga simu ya picha, aone amevaa nini, aone nani yuko nyuma yake, aone kama kitanda kimetandikwa. Fedha humfikia mke dakika ile ile inapotumwa, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na pamoja na fedha lile swali nalo hufika upesi kuliko zamani. Wake nao wana wivu wao wa masafa, na haki hutaka tuseme hivyo: mwanamke aliyeko Mutomo humwaza yule binti wa mjini, mwenye ngozi nyororo isiyojua jembe, ambaye hamjui wala hana hakika kama yupo, naye hujipima kwake usiku kucha.

Ndipo wengine huingia katika dawa za kujichubua. Madawa haya huuzwa kwa vikopo vidogo, mengine yakiwa na haidrokwinoni, mengine zebaki, madini ambayo mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliyaazimia yaondolewe katika vipodozi ifikapo mwaka 2020, kwa kuwa huharibu figo. Mwanamke mwenye rangi aliyopewa na Mungu wake, rangi iliyompendeza mumewe alipokuwa kijana, anaikwangua kila usiku mpaka mashavu yanakuwa mekundu na vifundo vya vidole vinabaki vyeusi, kwa sababu alisikia jina la mwingine likisifiwa. Sina ukali wowote juu yake, nina majonzi. Amekubali hukumu iliyotolewa na mahakama isiyokuwapo. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika hali ya ufukara, alisimangwa na wapinzani wake kwa sababu ya sura yake wakati sauti yake ilipokuwa imekwisha kutangaa mpaka Bombay, alikokwenda kurekodi mwaka 1928. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri si hoja, akaendelea kuimba. Lakini si kila mtu amejaliwa koo lile, na si haki kumtaka kila mwanamke awe Siti ndipo aachwe na sura yake.

Kwa wengine jambo hili huishia damuni, na hapa siwezi kusema kwa upole. Mnamo tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya wanaume katika kituo cha magari kumvua nguo mwanamke mmoja wakidai amevaa vibaya; watu ambao hawakuwa waume zake, wala ndugu zake, wala hawakumjua jina, walijiona wana haki ya mume juu ya gauni la mpita njia. Kabla ya mwaka ule kwisha sheria ilitungwa ya kumfunga afanyaye hivyo kwa miaka isiyopungua 10. Na tarehe 27 Januari 2024 maelfu walitoka tena, Nairobi na katika miji mingine, kwa sababu ya wanawake waliouawa, na wengi wa wanawake hao hawakuuawa na majambazi wa usiku bali na watu waliowahi kuwaita wapenzi. Nimesikia watu wazima wakisema, kila habari kama hii inapotokea, kwamba "alimpenda kupita kiasi". Laiti tungeukomesha msemo huo! Tumewafundisha vijana kwamba asiyeona wivu hapendi, na kwa hiyo tumewapa kipimo ambacho kwacho muuaji huonekana ndiye aliyependa kuliko wote.

Yako mambo katika mila za Ukambani zenyewe ambayo yangetusaidia kuwaza kwa uhuru zaidi. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, au hakujaliwa mtoto wa kiume, aliweza kwa desturi kutoa mahari akaoa mwanamke mwenziwe, aitwaye iweto, ili amzalie watoto watakaolibeba jina la nyumba na kurithi shamba. Sisemi kwamba desturi hiyo ilikuwa ya raha; ilikuwa ya urithi na ardhi, na wapo kina iweto walioteseka, wakanyimwa haki baada ya mwenye nyumba kufariki. Lakini nataka tuone walichokuwa wamekijua wazee hao: kwamba cheo cha mume chaweza kukaliwa na mtu mwenye sauti ya mwanamke na leso kiunoni, bila ya kulizunguka jabali lolote, na wanakijiji wakamheshimu katika cheo hicho. Walikuwa wametenga umbo la mtu na nafasi yake. Sisi tulioelimika tumevichanganya tena. Mwanamume akiona mkewe ametazamwa, huona uanaume wake wote umetikisika, kana kwamba cheo chake kimeshonwa katika upindo wa gauni la mtu mwingine.

Nimewasikia wanawake wakilijibu lile swali kwa namna mbalimbali. Wapo wasemao, "Nakupambia wewe," na pengine ni kweli, na pengine ni sadaka ya amani. Wapo wanaonyamaza na kupandisha shingo ya gauni. Jibu ambalo aghalabu lina ukweli mwingi zaidi, nalo hutamkwa mara chache, ni hili: "Najipambia mwenyewe." Nimelisikia mara moja likitoka kinywani mwa mwanamke wa Makueni, kwa sauti ya kawaida, huku akifunga kilemba, na mume wake, aliyekuwa tayari kwa jina la mtu yeyote, hakuwa tayari kwa hilo. Kwa maana hasimu akiwa na jina aweza kupigwa, aweza kuitwa mbele ya wazee akatozwa faini, aweza kuombewa mauti. Jibu hili halimwachii mtu wa kupigana naye. Lamwambia kwamba kabla hajaja yeye, na baada ya kwenda kwake kazini, na hata anapolala ubavuni pake, yupo mtu ndani ya uso ule ambaye hakuletwa na mahari, apendaye rangi ya manjano, afurahiaye mkufu kugusa mtulinga wake, naye hajamkosea mtu yeyote. Mume yule alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akauliza kile kilemba hufungwaje, na mkewe akakifungua akaanza upya, polepole, ili aone.